RUDOLF DIESEL NA INJINI INAYOSITA MLIMANI

Kila mwaka katika jarida hili mwanachama mmoja huandika maisha ya mtu mashuhuri. Tumekwisha kuwasoma washairi, wapigania uhuru na wanariadha. Mwaka huu nimeamua kuwaletea mgeni. Huyu hakutunga shairi wala hakushika bunduki, lakini jina lake mnalitaja karibu kila siku. Tena mnaliandika kwa herufi ndogo, mkidhani ni jina la mafuta tu. Namzungumzia Rudolf Diesel.

Sisi wa huku Kericho na Bomet tunamhitaji kuliko tunavyojua. Lori linalobeba majani chai kutoka senta hadi kiwandani lina injini yake. Trekta za mashamba makubwa vilevile. Stima ikipotea kiwandani usiku wa manane, kinachonguruma nje ili majani yasiharibike ni jenereta ya dizeli. Ukiteremka hadi Kisumu ukaiona meli ya MV Uhuru, iliyoanza kubeba mabehewa ya reli ziwani katika miaka ya 1960, nayo husukumwa na injini za namna hiyohiyo. Basi tumjue mwenyewe.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Rudolf mdogo ndiye aliyetumwa kuwapelekea wateja mizigo kwa mkokoteni. Nautaja mkokoteni kwa makusudi, maana wengi wetu tumebeba vikapu vya majani hadi senta kabla ya kuvaa yunifomu.

Mwaka 1870 vita vilizuka baina ya Ufaransa na Wajerumani, na watu kama wazazi wake wakalazimika kuondoka Paris. Familia ikakimbilia London, na huko dhiki ikawabana sana. Mtoto huyo wa miaka 12 akatumwa peke yake hadi Augsburg, Ujerumani, kukaa na jamaa zake. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu, na nadhani hapo ndipo bahati yake ilipoanzia. Alipofika miaka 14 aliwaandikia wazazi barua kuwajulisha kwamba atakuwa mhandisi. Wao walitamani aanze kazi mapema alete senti nyumbani. Kijana akashikilia lake, akapata basari, akaenda chuo cha ufundi cha Munich.

Huko Munich alifundishwa na Carl von Linde, yule mtaalamu wa mashine za kutengeneza barafu. Siku moja mwaka 1878 Linde alieleza darasani kwamba injini ya mvuke hugeuza kuwa kazi asilimia 10 tu ya joto la makaa, au hata chini ya hapo. Yaani ukichoma magunia 10 ya makaa, tisa yanapasha angani joto la bure! Wanafunzi wengine walinakili wakaenda kula. Diesel aliandika pembeni mwa daftari lake kwamba inafaa achunguze kama kuna njia ya kuziba uharibifu huo. Mwaka uliofuata aliugua homa ya matumbo, akaukosa mtihani wa mwisho. Alipoufanya baadaye, mwaka 1880, alipita kwa alama za juu mno.

Baada ya chuo alirudi Paris kumsimamia Linde biashara ya barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Mchana alifanya kazi ya barafu, na muda wake wa ziada ukaishia kwenye majaribio ya injini iliyotumia amonia badala ya mvuke wa maji. Alihangaika nayo miaka mingi isifae kitu. Kitu kimoja tu alikipata humo, nacho ni mazoea ya kufikiri juu ya hewa na gesi zilizobanwa sana.

Hebu chukua pampu ya baiskeli. Ziba mdomo wake kwa kidole, kisha usukume kwa nguvu mara kadhaa. Utahisi joto pale chini. Hewa ikibanwa hupata joto, na hiyo ndiyo siri yote. Ukiichukua hewa ya lita 15 ukaifinya kwa ghafla mpaka ikae katika nafasi ya lita moja, inakuwa na joto la digrii mia kadhaa. Nyunyiza mafuta humo, yatawaka yenyewe bila kiberiti wala plagi. Moto huo unaisukuma pistoni, na mashine inazunguka. Walimu wetu wa fizikia wanisamehe nikiwa nimelifupisha jambo mno.

Kwa hiyo katika injini hii moto si shida. Moto upo kila mara hewa inapobanwa. Shida ni kuyafikisha mafuta. Lazima yafike kwa wakati wake, kwa kipimo chake, tena yakiwa yamepasuliwa yakawa kama ukungu. Yakichelewa au yakipungua, injini inasita. Ningependa msomaji alishike hili, kwa sababu ndilo lililomsumbua Diesel maisha yake yote, na ndilo linalowasumbua madereva wetu mpaka leo.

Alipata hataza yake ya kwanza kwa wazo hilo Ujerumani, yenye tarehe ya mwaka 1892, na mwaka 1893 akatoa kitabu. Kitabu kilikuwa na kasoro kubwa: alidai hewa ibanwe kupita kiasi ambacho chuma cha siku zile kingestahimili. Wataalamu wakamcheka. Yeye akapunguza madai yake kimyakimya na kuendelea. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumjengea injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikasaidia kwa fedha.

Tarehe 10 Agosti 1893 waliijaribu. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa kishindo kilichokipasua kipimo cha presha na kurusha vipande huku na huku. Hakuna aliyekufa. Mtu mwingine angekwenda nyumbani akalale. Diesel alifurahi, maana sasa alikuwa na hakika kwamba mafuta huwaka bila kuwashwa. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Ikabomolewa, ikajengwa, ikabomolewa tena. Ilimchukua miaka mitatu zaidi. Februari 1897 profesa Moritz Schröter aliipima rasmi: nguvu za farasi karibu 20, na asilimia 26 ya joto la mafuta ikigeuka kuwa kazi. Linganisheni na ile 10 ya mvuke.

Hapo fedha zikaanza kumwagika. Adolphus Busch, tajiri wa kiwanda cha bia Marekani, alinunua haki ya kuijenga kwao. Emanuel Nobel akainunua kwa ajili ya Urusi. Huyu alikuwa mtoto wa nduguye Alfred Nobel, yule wa Tuzo ya Nobel. Kabla ya kutimiza miaka 41 mtoto wa mkokoteni alikuwa milionea, na baadaye akajijengea jumba la fahari Munich.

Lakini kupimwa na profesa ni kitu kimoja, na kufanya kazi kwa mteja ni kingine. Mwaka 1898 injini ilipelekwa katika kiwanda cha viberiti cha Kempten, nayo ikawa inasumbua kila mara. Nyingine ziliuzwa zikarudishwa. Wateja walilalamika, washindani wakadai mahakamani kwamba wazo si lake, naye akaugua kwa mawazo hadi akalazwa kwenye nyumba ya mapumziko ya wagonjwa. Vitabu vingi vya shule huiruka sehemu hii. Vinataja 1897, halafu vinaruka hadi sifa. Mimi naona miaka hii ya aibu ndiyo inayotuonyesha alikuwa mtu wa aina gani, kwa sababu hakuitupa mashine yake. Mafundi wa Augsburg waliendelea kuirekebisha kipande kwa kipande mpaka ikawa ya kutegemewa, na katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900 ikapewa tuzo ya juu. Hapohapo Paris injini moja ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Si utani!

Kilichobaki kuwa kigumu ni yale mafuta. Diesel hakuwa na pampu ndogo ya kuyasukuma kwa nguvu. Aliyapuliza ndani kwa hewa iliyobanwa na mashine nyingine ya pembeni. Mashine hiyo ya hewa ilikuwa nzito, ilikula nguvu ya injini yenyewe, na haikupenda mwendo wa kubadilika badilika. Injini ikatulia vizuri mahali pa mwendo mmoja, kama kiwandani. Ukiidai nguvu kwa ghafla, ilizubaa.

Ndiyo sababu ilipotoka kiwandani ilikimbilia majini kwanza. Meli hukaa kwenye mwendo mmoja saa nyingi, na uzito si neno. Mwaka 1903 mashua ya Petite-Pierre ilisafiri kwa injini hii kwenye mfereji huko Ufaransa. Mwaka huohuo Warusi wakaitumia katika meli yao ya mafuta iliyoitwa Vandal. Wao walikuwa wajanja: kwa kuwa injini zao hazikuweza kurudi nyuma, waliziacha zizalishe umeme tu, na umeme ndio ukageuza panga la meli. Kisha mwaka 1912 Selandia, meli kubwa iliyojengwa Copenhagen, ikatoka huko hadi Bangkok. Haikuwa na mabehewa ya makaa wala vijana wa kuchochea moto tumboni mwake, na dohani ya kawaida hata haikuwa nayo. Watu wa bandarini waliitazama wakashangaa. Waingereza wenye jeshi la majini waliifikiria kwa makini zaidi.

Lori lakini lilimshinda. Mwaka 1908 alitengeneza injini ndogo ya kutia kwenye lori, haikufaulu sokoni. Ili mwelewe kwa nini, niruhusuni niache Ulaya kidogo nije kwetu Konoin.

Likizo ya Aprili iliyopita, wakati wa mvua, nilikuwa senta na mama. Lori lilikuja kuchukua majani, likajaa, likaondoka. Kilomita moja mbele, kwenye kilima, likashindwa. Nilikimbia kutazama. Likiwa limesimama mlio ulikuwa safi kabisa. Mahali tambarare lilienda. Lakini dere akikanyaga moto kupanda, lilisita, likakohoa mara mbili, na nguvu ikashuka mpaka gia ya kwanza nayo ikakataa. Akipunguza mguu, linapata nafuu kidogo. Akikanyaga tena, yaleyale.

Anayelima majani anajua maana yake. Majani mabichi yaliyoshindiliwa kwenye gunia hupata joto. Yakikaa, yanageuka mekundu kabla ya kufika kiwandani, na karani ana haki ya kuyakataa. Humo ndani mlikuwa na jasho la senta nne. Mama mmoja aliingiza mkono katikati ya gunia lake, akautoa, akamwambia mwenzake kwamba kumeanza kupata moto. Hakuna aliyeongeza neno.

Akaitwa fundi, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya injini za mashua upande wa Kisumu kabla ya kuhamia huku. Nilimshikia tochi, kwa hiyo nilichokiona nilikiona kwa karibu. Watu walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba pampu imekufa, au nozeli, na wengine wanahesabu maelfu ya shilingi. Mzee hakugusa chochote. Alimuuliza dere kwanza: moshi unaotoka ni wa rangi gani wakati linasita? Dere akamjibu kwamba hakuna moshi. Mzee akatikisa kichwa. Alinieleza taratibu kwamba moshi mweusi ni ishara ya mafuta mengi yaliyokosa hewa, na hapo ungetazama chujio la hewa. Lisipotoa moshi na lisipate nguvu, basi mafuta hayafiki ya kutosha. Likiwa limetulia linahitaji kidogo, nacho kidogo kinafika. Likidai mengi, linanyimwa.

Alifungua kifuniko cha tangi, maana tundu lake la kupumulia likiziba tangi hushindwa kuachia mafuta. Hakuna tofauti. Akatoa dizeli ya chini ya chujio kwenye chupa ya soda, akaimulika: haina maji wala uchafu. Chujio jipya. Kisha akafanya jambo ambalo alisema ndilo walilolifanya ziwani kila mashua ilipokuwa inasita ikiongezewa moto. Alichukua mtungi wa lita 20, akautia dizeli safi, akaufunga imara karibu na injini, akaunganisha mpira wake mwenyewe hadi kwenye pampu, akaliacha tangi la lori kando. Dere akawasha, akakanyaga. Lori lilipanda kilima kile na mzigo wote, watu wakapiga makofi gizani.

Kumbe injini ilikuwa nzima, pampu nzima, nozeli nzima. Ugonjwa ulikuwa baina ya tangi na pampu. Mzee aliung'oa mpira wa pale katikati. Kwa nje ulikuwa mzuri, hata haukuwa na ufa. Akaupasua kwa kisu kwa urefu, akanionyesha: ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka. Pampu ikivuta polepole, ngozi inalala. Ikivuta kwa nguvu, inainuka na kuziba njia. Akatia mpira mpya, akatoa hewa iliyokuwa imeingia kwa kusukuma pampu ya mkono, na kazi ikaisha. Majani yalifika kiwandani kama saa nne usiku, yakapokelewa. Bei ya kazi yote haikufika hata ya nozeli moja.

Sasa turudi kwa Diesel. Lori letu, ambalo ni mashine nzuri ya siku hizi, lilizimika nguvu kwa sababu ya njia ya mafuta iliyosongwa wakati wa kudaiwa mengi. Fikirini yeye, ambaye njia yenyewe haikuwa imebuniwa sawasawa. Alichokosa ni pampu ndogo, ya haraka, yenye kipimo. Pampu ya namna hiyo ilitengenezwa baadaye. Malori ya kwanza ya dizeli yalionekana Ujerumani mwaka 1923 na 1924, na kampuni ya Bosch ilianza kuuza pampu yake ya kusukuma mafuta mwaka 1927. Tangu hapo dizeli ikapanda milima. Mwenyewe hakuyaona hayo.

Maana kufikia 1913 mambo yake yalikuwa yameharibika. Fedha alizopata alizitumbukiza katika ununuzi wa mashamba na katika biashara ya mafuta, karibu zote zikayeyuka. Alikuwa na madeni makubwa, na bado aliishi kitajiri ili watu wasijue. Kabla ya safari yake ya mwisho alimwachia Martha mkoba, akimtaka asiufungue kwanza. Ulikuwa na marki 20,000 taslimu. Karatasi nyingine za humo zilionyesha kwamba benki hamna kitu.

Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden huko Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwa shughuli za kiwanda kipya cha injini zake. Alikuwa na wenzake wawili. Walikula chakula cha jioni, wakazungumza wakitembea sitahani, na kama saa nne usiku wakaagana. Aliomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi hakuwapo. Kitanda hakikuwa kimelaliwa, na kofia na koti lake vilionekana sitahani. Siku kumi na moja baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea. Walitoa vitu vidogo mifukoni, kisha wakairudisha baharini, kwani ilikuwa imeharibika. Mwanawe Eugen alionyeshwa kisanduku cha vidonge, kisu cha mfukoni na mfuko wa miwani, akakiri kwamba ni vya baba yake. Alikuwa na miaka 55.

Magazeti yalijaa uvumi. Wengine walisema ameuawa na matajiri wa mafuta, wengine kwamba Wajerumani hawakutaka awape Waingereza siri za injini za manowari. Ushahidi wa hayo haujapatikana mpaka leo. Mimi nikiutazama ule mkoba na yale madeni, naegemea upande wa kwamba alijitosa mwenyewe. Najua mwenzangu wa kidato cha nne anayesoma sana hadithi za upelelezi hakubaliani nami hata kidogo, na amekwisha kutishia kuandika makala ya kunijibu. Mwenye hoja ya tatu anikute chumba cha chama Alhamisi, baada ya michezo.